Usingizi Uliotoka Chini ya Gari

Midomo ya mdogo wangu ilikuwa myekundu, wekundu wa kupendeza, kama mtu aliyetoka kutafuna tambuu. Nilikuwa nimegeuza shingo kwenye kiti cha dereva, namtazama, najiuliza ni lini tena nilimwona mzuri kiasi kile. Yeye alikuwa kiti cha nyuma, kaegemea robota la viatu, chetezo kakipakata juu ya kitambaa kilicholowa. Ubani ulikuwa umejaa gari zima. Vioo tulikuwa tumevipandisha vyote. Nje mvua ya alasiri inapiga mabati ya uani kwetu Buguruni, ndani injini inanguruma, inaruka pigo, inanguruma, inaruka, kama mtu anayeshuka ngazi akakosa kidato kimoja.

Nikasikia raha. Nasema neno hilo kwa uchungu lakini ndilo lenyewe. Miguu ilikuwa haipo, mgongo ulikuwa haupo, madeni ya dunia yalikuwa hayapo. Moshi mweupe ulikuwa unapita kati yetu taratibu kama shela ya bibi harusi. Nilitaka kumwambia, "Mdogo wangu, fungua macho tumalizie dua." Neno likafika kwenye meno likalala hapohapo. Nikautuma mkono ukafungue mlango. Mkono ukabaki mapajani umetulia, kama mkono wa mwanamke mwingine aliyenipandia gari bila kuniomba.

Aliyetuokoa hakuja kutuokoa. Alikuwa muuza chapati, mpangaji mwenzetu, anataka kupitisha mkokoteni wake na gari langu limeziba kichochoro. Akagonga kioo. "Shangazi! Hii njia au gereji?" Akagonga tena. "Shangazi, unga unalowa huku, mimi siuzi uji!" Kimya. Akaufungua mlango kwa hasira ili atusemee karibu, moshi ukamkuta usoni, na mimi nikamdondokea miguuni kama furushi.

Mimi niliamka siku ileile hospitalini, kichwa kinatwanga kama kinu. Mdogo wangu aliamka baadaye sana. Mpaka leo sijui kama aliyeamka ndiye yule aliyelala.

Nirudi nyuma, maana jambo hili halikuanzia kwenye ubani, ingawa wapo wanaopenda lianzie hapo.

Sisi ni watu wa viatu vya mtumba, soko la Mchikichini. Mimi shule niliishia darasa la nne, mdogo wangu alimaliza la saba, basi mimi nikawa miguu na yeye akawa kichwa. Nilikuwa naendesha gari kwenda Kariakoo kwa mfanyabiashara wetu, napakia marobota, naleta sokoni. Yeye anafungua. Sasa asiyejua biashara hii anadhani viatu vinatoka kwenye robota viwili viwili kama dukani. Wapi! Kamba zimekatika melini, vimebanwa vikapinda, unamwaga unapata kilima cha viatu, kila kimoja yatima. Watu wanakaa kutwa nzima kutafuta wenza. Mdogo wangu alikuwa anakunja sketi, anakaa chini miguu kanyoosha, anashika cha kushoto, mkono wa kulia unazama kwenye kilima na kutoka na mwenzake. Hatazami. Huku anaongea, huku anamtania mteja.

"Kaka, huo mguu wako au umeazima? Arobaini na nne haipiti hapo. Anza kuingiza kidole gumba, wengine watafuata kama wanataka."

Watu walikuwa wanakuja kusikiliza tu, halafu wanajikuta wamenunua. Biashara yetu ilikuwa vitu viwili: gari langu na kichwa chake. Nilijua gari litachakaa. Kichwa sikukiwazia.

Sasa namtaja mwenye kosa. Jina lake sitalisema, lakini anajijua, na Gerezani, mtaa wa mafundi wa magari, inamjua: fundi mwenye jino la dhahabu, anayefanyia kazi kando ya ule ukuta wa upande wa reli, mwenye redio isiyozimwa. Nilimpelekea gari kubadilisha oili, basi. Akaingia chini, akakaa huko, akatoka anapangusa mikono.

"Bi mkubwa, gari yako inapumua kwa shida. Masega yameziba."

Masega ndiyo nini? Akanieleza. Ndani ya bomba la moshi kuna kitu kina matundu matundu kama sega la nyuki, kazi yake kusafisha moshi kabla haujatoka. Akasema yakiziba gari haivuti. "Nakutolea bure. Wewe ni mteja wangu."

Mdogo wangu akamkodolea macho. "Bure? Gerezani hii hata kivuli kina mwenyewe. Hiyo bure umeitoa mkoa gani?"

Fundi akacheka, jino likawaka juani. "Dada una maneno wewe. Nawaheshimu tu."

Heshima! Baadaye ndiyo nimejua kwamba yapo masega yanayotafutwa kama madini, na yupo mtu na pikipiki anapita kwa mafundi kuyakusanya, hamuulizi mtu yametoka kwenye gari la nani. Huyo naye namtaja: wa pikipiki yenye boksi la bati nyuma. Siku ile sisi tulikuwa hatujui. Tukakaa kwenye benchi tunakula mihogo, tunasikia nyundo inagonga chini ya gari letu, gonga, gonga, kisha cheche za kuchomelea zinaruka kama nyota za mchana. Mdogo wangu akasema, "Dada, ona zinavyopendeza." Zilikuwa zinapendeza kweli. Tukamshukuru. Tukamnunulia soda.

Haukupita muda gari likaanza kuruka pigo. Mafundi wanasema gari inamisi. Ukisimama kwenye foleni unaona usukani unatetemeka, dashibodi inatetemeka, unahisi injini imemeza kitu kikakwama kooni. Mafuta nikawa naweka leo, kesho mshale uko chini. Nyuma, kwenye mdomo wa bomba, masizi meusi, ukigusa kidole kinatoka kama umekwangua chungu.

Na ndipo ukaja usingizi.

Sijui nieleze vipi mtu anielewe. Vioo tulikuwa hatufungui, kwa sababu foleni ya Buguruni ukishusha kioo mkono wa kibaka umeshafika kwenye simu. Mdogo wangu anakaa nyuma, maana kiti cha mbele kina robota. Tunatoka Kariakoo tunaongea, tunacheka, kufika katikati ya safari maneno yanapungua yenyewe, kama redio inayoishiwa betri. Mji unakuwa laini. Maghorofa ya Kariakoo, yale yanayosukumana kila siku, nayaona yamekaa mbalimbali kwa adabu. Siku moja kwenye taa za barabarani nilimwona marehemu mama yetu, kasimama kwenye kivuli cha nguzo, anakunja khanga. Anakunja, ananyoosha ncha, anakunja tena. Sikushangaa. Nikamwamkia kimoyomoyo. Taa ikawa kijani, wa nyuma wakanipigia honi, nikaondoka naye moyoni mpaka sokoni.

Nilipomwambia mdogo wangu akasema, "Hata mimi namwona. Huwa ananisuka." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Dada, mimi naipenda ile safari."

Tulikuwa tunaupenda ule usingizi. Tulikuwa tunashuka sokoni tuna vichwa vinauma, tunatapika nyuma ya meza, tunanyonya ndimu, tunasema ni presha, ni jua, ni umri. Jioni tunapanda tena, tena kwa hamu.

Nilirudi kwa fundi. Akawasha injini, akafungua boneti, akaanza kuchomoa waya za koili moja moja, huku kaweka sikio. Koili ndiyo inayopeleka moto kwenye plagi. Ukiichomoa ya silinda nzima, injini inazidi kuyumba. Ukichomoa na injini haijali, basi hiyo silinda ilikuwa imekufa zamani. Akafika ya tatu, akachomoa, injini haikujali. "Huyu hapa marehemu," akasema. Akatoa plagi zote, nyeusi za masizi, akaweka nyingine kutoka kwenye boksi jipya. Mdogo wangu akaishika moja akaigeuza. "Fundi, hii mpya ina mikwaruzo ya brashi. Mimi nauza viatu vilivyopigwa rangi, najua kitu kilichosafishwa." Fundi akamwambia anyamaze, hiyo kazi ya wanaume.

Gari likatulia kidogo, kisha likarudia. Safari ya pili akasema ni mafuta ya kuchakachua, hamieni kituo kingine. Tukahama. Safari ya tatu hakuinama hata kutazama. Mbele ya wenzake akashika kiuno, akatikisa kichwa.

"Bi mkubwa, nimebadilisha plagi, nimesafisha nozeli za mafuta, mafuta mmehamisha. Na nyie mnasema mkiwa ndani mnaona maiti. Hili sio la spana. Mmepata biashara, watu wanawaangalia kwa jicho. Lifukizeni."

"Tulifukize?"

"Kama mnavyofukiza duka. Kaeni ndani, vioo juu moshi ushike viti. Na liwe linawaka. Mkizima, na jini mwenyewe analala, hamumtoi."

Sisi ni watoto wa Pwani. Duka likidoda tunafukiza, mtoto akilia bila sababu tunafukiza. Aliyesema hivyo alikuwa anajua anaongea na nani. Angemwambia mtu mwingine angechekwa. Sisi tulimwambia asante.

Ndiyo tukawasha mkaa kidogo, tukaweka ubani, tukaingia, tukapandisha vioo. Injini tukaiacha inanguruma.

Niliporudi kutoka hospitalini, muuza chapati alikuwa kalisukuma gari mpaka uani. Nikamtafuta fundi mwingine wa hapahapa Buguruni, mtu mzima, mgomvi kidogo, mwenye tabia ya kuongea na magari. Nikamwambia sitaki utengeneze. Nataka uniambie linaumwa nini.

Akatoa plagi zote nne akazipanga juu ya gazeti kwenye boneti. Akaniita. "Mama, njoo usome." Nikamwambia mimi kusoma kwangu ni kwa shida. "Hii haina herufi. Tazama rangi. Plagi ya gari zima inakuwa kahawia, kama chai ya maziwa. Hizi zako?" Tatu zilikuwa nyeusi za masizi makavu. Ya nne imelowa petroli, inanuka.

"Injini inachoma mafuta na hewa pamoja," akasema. "Mafuta yakizidi hayaungui yakaisha. Yanabaki masizi, yanalowesha plagi, moto haurukii, silinda inamisi. Hii gari inalishwa kupita kiasi. Swali, nani anailisha?"

Akaingia chini. Akatoka. Akachukua kitambaa akaziba mdomo wa bomba la moshi, akamwomba muuza chapati maji ya sabuni. "Povu lifanye liwe jingi, kama la mke wako akifua huku amekununia." Injini ilikuwa baridi. Akawasha, akamwagia povu pale juu ambapo bomba linaungana na injini. Sabuni ikaanza kuchemka. Mapovu yakawa yanafumuka, makubwa kwa madogo, yana rangi za upinde wa mvua, yanapasuka, yanazaliwa mengine. Akamwagia na chini, pale palipochomelewa. Hapo yakafumuka zaidi.

Nilisimama nikiyatazama nimesahau nilichokuja kufanya. Vile vitu vyepesi vya kitoto ndivyo vilivyokuwa vinatulaza.

Akazima, akanieleza taratibu. Kwenye bomba la moshi kuna sensa, yeye aliiita pua. Inanusa moshi, inaiambia kompyuta ya gari kama chakula kimezidi au kimepungua. Aliyekata masega aligonga kwa nyundo mpaka ukatokea ufa pale juu, kabla ya pua. Hewa ya nje ikawa inaingilia kwenye ufa. Pua ikanusa hewa, ikadhani injini ina njaa, ikaagiza mafuta. Yakaja. Ikanusa tena hewa, ikaagiza tena. Na pale chini alichomelea juujuu, moshi mchafu ukawa unatoka hapo, unapanda kwenye tundu la sakafu lililokosa kizibo chake cha mpira, chini kabisa ya kiti cha nyuma.

Chini ya mdogo wangu.

"Kama masega yangekuwepo?" nikamuuliza.

"Yangepunguza sumu. Lakini bila ule ufa, bila lile tundu, mngeumwa kichwa cha kawaida cha Dar, basi."

"Fundi wa kwanza alitakiwa auone?"

"Mtu akiona masizi kwenye plagi anaanza kuuliza mafuta yanazidi kwa nini. Ndiyo kazi."

"Unamjua aliyechomelea hapa?"

Akaukagua ule mchomeleo, vinundu vyake vilivyopandana kama mchwa. Kuchomelea ni kama mwandiko, kila mtu na wake. Niliona macho yake yametambua.

"Mama, nimekutajia ugonjwa. Mtu sitaji."

"Kwa nini?"

"Fundi hamtaji fundi. Leo mimi, kesho yeye. Tunaazimana spana, tunakula kwa mama lishe mmoja."

"Na mdogo wangu anakula wapi?"

Akaanza kukusanya vifaa vyake. Alikuwa mtu mwema, alikataa hata ujira. Lakini na yeye namhesabu. Ukimya wake ni boliti moja kwenye lile bomba.

Nikaenda Gerezani. Redio inaimba, jino linawaka. "Shikamoo, bi mkubwa." Sikuitikia. Nikamwambia nilichokiona: plagi, sabuni, ufa, tundu. Akasikiliza akikuna shingo kwa spana.

"Mkaa," akasema. "Mliwasha mkaa ndani ya gari, vioo juu. Mkaa unaua, kila mtu anajua. Mimi bomba nalifahamu, mkaa siufahamu."

"Nani alisema tufukize gari linawaka?"

"Nilikuwa natania, mama."

"Na usingizi wa kabla ya mkaa? Zile wiki zote, kutapika, kuona marehemu, ulikuwa mkaa gani?"

"Mjini watu wanachoka."

Mwenzake aliyekuwa anafunga tairi akaingilia, kwa sauti ya upole ya mtu anayetaka niondoke. "Mama, mwachie Mungu."

"Mungu nimemwachia yake," nikamjibu. "Hii ni ya fundi."

Wakacheka kidogo, kisha wakaacha.  Nilisimama pale kwenye vumbi la oili mpaka nikaona aibu ambayo haikuwa yangu, nikaondoka.

Mdogo wangu naenda naye sokoni kila siku, maana nyumbani peke yake hakai. Anakaa palepale, miguu kanyoosha. Anashika kiatu cha kushoto, anakitazama kwa upendo, anakisahau mkononi. Ananiuliza mama yuko wapi. Mwanzo nilikuwa namwambia ukweli, naye analia msiba upya kila siku, kama habari imefika sasa hivi. Siku hizi namwambia mama kaenda Kariakoo, anarudi. Anafurahi, ananitengea nafasi mama atakapokaa. Daktari alisema ubongo ulikosa hewa, usubiriwe. Nasubiri. Kuna mteja mmoja, siku nyingi nilikuwa nafurahi mdogo wangu akimnyoosha kwa maneno. Juzi alikuja na kejeli zake za siku zote, anatupa viatu, anasema huu uchafu gani. Mdogo wangu akamtazama, akamchekea. Akamchekea tu. Yule mteja mwenyewe aliinama akaviokota viatu akavipanga, akaondoka.

Majirani sokoni wananiambia yameisha, wewe mshukuru Mungu mko hai. Nimeshukuru. Kushukuru hakunizuii kuuliza.

Kwa hiyo nauliza, na nauliza hadharani kwa sababu nilipokufuata kwako ulinicheka. Wewe wa jino la dhahabu, njoo Mchikichini mchana, watu wakiwepo. Usije na matunda, pole yako siitaki. Kaa chini mbele ya mdogo wangu, umweleze kwa mdomo wako ulitoa nini chini ya gari letu ukampa yule wa pikipiki. Hatakumbuka ulichosema, na kesho utakuja umweleze tena. Halafu unijibu mimi ninayekumbuka: siku ulipotoa zile plagi nyeusi za masizi, uliuona ufa wako ukanyamaza, au hukutazama kabisa? Moja kati ya hayo mawili ni lako. Na nyie mafundi wote wa Gerezani mnaoujua mchomeleo wake, kama yeye hataki kuja, mleteni.